Aliyesimamisha Nywele za Hainuri

Asubuhi ile waligombana juu ya figili.

Tatsuyo alisema vipande ni vinene, havitaiva kwenye supu. Genzo akasema meno ni yake, atatafuna mwenyewe.

"Meno yapi?" Tatsuyo akauliza. "Hayo uliyoyalaza kwenye glasi?"

Genzo akaenda kuyachukua. Aliporudi, mkewe alikuwa ameshahamia mbele ya kioo cha saluni, bakuli la supu kwenye kiti cha wateja, chanuo mkononi. Nyumba yao ilikuwa hivyo: mbele saluni, nyuma chumba na jiko, katikati pazia. Kila asubuhi, kabla hajageuza kibao cha mlangoni, Tatsuyo alikishughulikia kichwa chake mwenyewe. Nywele zake zilikuwa nyeupe, akazitia zambarau, kisha akazichana kinyume, kutoka nchani kwenda shinani, mpaka zikavimba na kupanda juu kama moshi wa jikoni. Alikuwa na miaka sabini na mitatu na kimo cha mtoto wa shule. Nywele zile zilimwongezea shubiri nzima.

"Kiti cha heshima," akakiambia kioo.

Genzo alijua neno hilo linakotoka. Siku mbili kabla, kijana wa ofisi ya bendi alipiga simu kutoka Tokyo. Hainuri walikuwa wanaagana na watu wao; onyesho la mwisho, ukumbi mkubwa. Kijana akasema safari hii nywele zitashughulikiwa na mafundi wa huko huko Tokyo. Mama apumzike. Amewekewa kiti cha heshima.

"Miaka yote hiyo niko nyuma ya jukwaa sijakaa," Tatsuyo akasema. "Leo ndiyo wanataka nikae. Kwani wameambiwa nimevunjika miguu?"

"Si ukae basi," Genzo akasema.

Tatsuyo akamtazama ndani ya kioo. Hakugeuka. "Supu yako inapoa," akasema.

Genzo akanywa supu, akachukua dumu, akaenda kununua mafuta ya kuwashia jiko la kuotea moto. Ilikuwa Februari, na upepo mkavu ulikuwa umeshuka mlimani tangu alfajiri, ule upepo wa Kiryu unaokujaza mchanga mdomoni kabla hujamsalimia mtu. Aliporudi alimkuta Tatsuyo amekaa kwenye kiti cha wateja, ufagio mapajani, uso kwenye kioo. Akaanza kumlalamikia upepo. Akahamia kwenye foleni ya dukani. Akalalamika mpaka akatua dumu chini, ndipo alipoona kuwa kule kiooni hakuna aliyemkunjia uso.

Daktari alisema ni moyo. Genzo alisema ni simu.

Hasira ilimfika kabla ya machozi, ikakaa mahali pa machozi. Alimkasirikia kijana wa Tokyo. Alimkasirikia Tatsuyo pia. Mke gani anaondoka katikati ya ugomvi? Maisha yao yote mwanamke yule hakuwahi kumwachia neno la mwisho, na sasa amelichukua lile lililokuwa la mwisho kabisa, akaenda nalo.

*

Watu wa mkoa wao husema vitu viwili havizuiliki, upepo na mke. Tatsuyo alikuwa vyote viwili. Alizaliwa katika nyumba ya wafumaji, vyumba vinatikisika kwa mitambo mchana kutwa, na watu wa nyumba hiyo walisema kwa kupiga kelele hata mezani. Alipomaliza shule akapelekwa kwa fundi wa nywele, akafagia nywele za watu miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika chanuo. Akaolewa na Genzo, mtia rangi nguo, mtu ambaye mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko na maneno yake yalihesabika. Hawakujaliwa mtoto. Watu wakamsema. Tatsuyo akawaambia wateja wake: anayetaka kunisema aniseme nikiwa nimeshika mkasi.

Shigeaki aliingia saluni mwaka ule mfalme wa zamani alipofariki, zaidi ya miaka thelathini nyuma. Alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa muuza tofu wa mtaa wa pili, mwembamba kama mpini wa jembe. Vinyozi wote wa mji walikuwa wamemfukuza.

"Unataka nini?" Tatsuyo akamuuliza.

"Nataka zisimame, mama."

"Zisimame wapi?"

"Juu. Zote. Kama mtu aliyemwona shetani."

"Umemwona?"

"Bado."

"Basi kaa. Utamwona kwenye kioo."

Kazi ile ilichukua mchana mzima. Wateja wawili walikuja wakaondoka. Tatsuyo alijaribu maji ya sukari, akajaribu wanga wa kupigia nguo pasi, mwisho akamtuma Genzo kwa fundi seremala akaombe gundi. Kijana alipotoka nje, nywele zilikuwa zimepanda kama miba ya nungunungu na upepo ule wa mlimani haukuweza kulaza hata mmoja. Mama yake alipomwona alidondosha ndoo ya tofu barabarani.

Kesho yake akaja na wenzake watatu, na magitaa yao.

Walijiita Hainuri, waliopakwa majivu. Walipiga ule muziki wa magitaa yanayonguruma na ngoma zinazokimbia kama farasi aliyeumwa na nyuki, na juu yake Shigeaki alilia, akanong'ona, akapiga mayowe. Nyuso walipaka nyeupe, macho wakayazungushia wanja mpaka kwenye mashavu, midomo myeusi. Walivaa magauni marefu yenye mikia, mikufu, glavu za lesi. Wanaume hao. Kila onyesho lilianza na jeneza katikati ya jukwaa. Kifuniko kinasukumwa, nywele zinatoka kwanza, kisha mkono, kisha Shigeaki. Lakini jukwaani hakuwa Shigeaki. Alikuwa Rasetsu, jina la zimwi linalokula watu.

Genzo hakupenda. "Unawapaka wana wa watu rangi ya maiti," alimwambia mkewe.

"Na wewe unakaa tu. Nguo zao zimefifia. Hebu ona, hii nyeusi au uji wa dengu?"

Genzo aliitazama ile nguo. Kweli ilikuwa aibu. Nyeusi ya dukani ikipigwa na taa kali hugeuka kahawia. Akaipeleka kiwandani, akaitia buluu kwanza, kisha nyeusi, kisha nyeusi tena. Tangu hapo akawa amenaswa. Jeneza nalo ni yeye aliyeligongomea.

Walianza kwenye vilabu vidogo vya Takasaki, mahali ambapo Tatsuyo aliwafanyia nywele stoo, kati ya kreti za bia. Walisafiri kwa gari moja, watu, ngoma, jeneza na dawa za kupuliza, na madirisha ilibidi yafunguliwe hata kwenye theluji kwa ajili ya ile harufu. Majira ya joto ya mwaka mmoja walipiga kwenye uwanja wa wazi. Tatsuyo alikuwa amerudi kwenye maji ya sukari. Nyuki wakamfuata Rasetsu mpaka jukwaani. Alipiga mayowe wimbo mzima, na watu wakasema hawajawahi kuona mtu anayeimba kwa uchungu namna ile.

Wakawa na watu wao. Wengi walikuwa wanawake, wenye lesi nyeusi na miavuli, wanaotikisa vichwa pamoja, wanainua mikono pamoja, wanageuka pamoja, kila wimbo na mwendo wake. Safu ya mbele ilikuwa na wenyewe na sheria zake. Mgeni akijipenyeza anaondolewa kwa adabu na kwa kiwiko. Tatsuyo aliwafahamu wote. Aliwakaripia vyooni, aliwarekebisha nywele, aliwaambia waende nyumbani wakale.

Kisha likaja lile la uso. Bendi ilipokua, mwandishi mmoja wa televisheni alifika Kiryu na kamera kutafuta ni nani Rasetsu, mtoto wa nani, sura yake halisi ni ipi. Akaingia saluni. Tatsuyo akamtoa na ufagio mpaka kwenye reli.

"Rasetsu hakuzaliwa na mtu!" alimpigia kelele. "Hana mama, hana kwao, hana umri! Ukimtafuta, mtafute kaburini!"

Mwandishi aliandika maneno hayo. Ofisi ya bendi ikayapenda, ikayafanya sheria. Mji mzima nao ukanyamaza. Ukimuuliza mtu wa Kiryu habari za Rasetsu, anakuuliza kama umeonja tambi zetu. Baadaye kampuni ya muziki iliwaambia wote wanawe nyuso, wavae jinzi, watauzika zaidi. Wenzake wawili wakanawa. Shigeaki akakataa. Bendi ikavunjika kwa hilo. Akarudi nyumbani, miaka kumi na moja akawa anaamka na baba yake kusaga soya, kofia kichwani, na kila asubuhi analeta kipande cha tofu mlango wa nyuma wa saluni. Tatsuyo alimnyoa, akamtukana, akamlisha. Watu walipowaita tena jukwaani, yeye ndiye aliyemwambia Shigeaki avue aproni. Nywele za utosini zilikuwa zimeanza kumwacha. Tatsuyo alizichukua za pembeni akazipandisha juu, na hakuna aliyejua, si safu ya mbele, si ofisi, ila wao watatu.

Sura ya Shigeaki bila rangi hakuna mpenzi wa Hainuri aliyewahi kuiona. Ndiyo iliyokuwa fahari yao.

*

Msiba ulichelewa. Siku ya pili kalenda ilisema ni siku ya kuvuta rafiki; siku hiyo maiti hachomwi, asije akamchukua mwenzake. Tanuri limefungwa. Kwa hiyo mazishi yakasogea, yakaangukia siku ile ile ya onyesho la mwisho. Mazishi asubuhi Kiryu, onyesho jioni Tokyo.

Msichana wa kampuni ya mazishi alikuja kumwandaa Tatsuyo pale pale nyumbani, chumba cha nyuma ya pazia. Alikuwa na mikono laini na sauti ya chini. Alipomaliza akamwita Genzo.

Genzo akatazama. Midomo ya waridi. Mashavu ya waridi. Nywele zimelainishwa, zimelazwa kando, zimepigwa mstari.

"Huyu nani?" akauliza.

"Tumemfanya aonekane amelala, babu."

"Mke wangu hata akilala hakuwa hivi."

Msichana akainama akaomba radhi. Genzo alichukua chanuo la Tatsuyo akajaribu mwenyewe. Mikono iliyojua kuzamisha vitambaa haikujua kitu hapa. Kila alichopandisha kilianguka. Akapandisha, kikaanguka. Kila mtu atamwona hivi, aliwaza. Atatoka nyumbani kwake, mbele ya wateja wake, akiwa na kichwa cha mtu mwingine, na tanuri halimrudishi mtu akajichane upya. Akatupa chanuo. Kisha akaliokota, akalifuta kwa shati.

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyeijua kazi ile, kwa kuwa alikaa chini yake maisha yake yote. Genzo akapiga simu Tokyo.

"Pole sana, mzee," alisema kijana wa ofisi, jina lake Kusakabe. "Tumepokea habari kwa huzuni. Maua yako njiani."

"Sitaki maua. Mlete Shigeaki."

"Hapa hatuna mtu wa jina hilo."

"Mtoto wa muuza tofu."

"Mzee, unaijua sheria. Rasetsu hana kwao. Siku hizi kuna mashabiki mpaka Kiryu, kuna simu za kamera kila mahali. Akionekana na uso mtupu kwenye msiba wa fundi nywele, siku ya mwisho, miaka yote hii inakwisha kama mzaha. Na hiyo sheria, samahani, si ni mama mwenyewe aliyeitunga?"

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana hasira ya Genzo ilizidi.

"Ila tumefikiri jambo zuri," Kusakabe akaendelea. "Siku hiyo jioni, katikati ya onyesho, tufungue lile jeneza la jukwaani, ndani kuwe na picha ya mama. Taa za buluu. Ukumbi mzima utalia."

"Lile jeneza nililigongomea mimi," Genzo akasema. "Ukiweka picha ya mke wangu humo, nitakuja Tokyo kwa miguu, nitakugongomea wewe."

Akakata.

*

Asubuhi ya mazishi mtaa ulikuwa mweusi. Walikuwa wametoka Ashikaga, Maebashi, Tokyo, wengine mbali zaidi, wanawake wa miaka arobaini na hamsini na mabinti zao, lesi, miavuli iliyopinduliwa na upepo, wanja umenyooka. Walikuwa wanapanga foleni. Haikuwa na fujo hata chembe. Ilianzia kwenye godoro la Tatsuyo, ikapita pazia, ikapita viti vya saluni na zile kofia za kukaushia nywele, ikatoka mlangoni mpaka kwenye duka la dawa.

Aliyeisimamia alikuwa Orie, mpishi wa shule kutoka Ashikaga, glavu za lesi mpaka viwikoni. Ndiye mkuu wa safu ya mbele tangu zama za kreti za bia.

"Mnafanya nini kwenye mlango wangu?" Genzo akamuuliza. Hasira ilikuwa inatafuta pa kutua.

"Tunapanga watu, baba. Wa zamani mbele, wapya nyuma. Mama asingependa msukumano."

Yoshihei, mdogo wake Tatsuyo, aliwahi kuwa diwani na hakulisahau hilo siku hata moja. Alikuja na suti yake na mkewe, akataka kupita. Orie akamzuia kwa mwavuli.

"Samahani. Wewe tangu mwaka gani?"

"Mimi ni ndugu yake!"

"Sawa, lakini tangu mwaka gani?"

"Tangu nilipozaliwa, mwanamke wewe!"

Orie akafikiri. "Basi uko mbele," akasema, akaondoa mwavuli.

Yoshihei akamfuata Genzo jikoni, amewiva uso. "Shemeji, huu ni msiba au sarakasi? Wafukuze. Mtawa amekuja, majirani wanaona."

"Majirani wamewaona miaka thelathini."

"Dada yangu ana heshima yake."

"Dada yako pale ana kichwa cha mtu mwingine. Kwa hilo hukusema kitu."

"Kichwa gani? Amependeza. Mara ya kwanza naona kichwa chake kama cha watu."

Genzo aliweka birika chini, maana alijiona atalitupa. Akarudi akakaa kando ya mkewe. Mtawa akaanza kusoma. Watu wakapita mmoja mmoja, wanapiga magoti, wanatia udi, wanamtazama. Aliona wanavyomtazama. Walikuja kumuaga Tatsuyo na hawakumkuta. Mmoja alimtazama usoni, akatazama picha iliyokuwa pembeni, akatazama tena usoni, kama mtu aliyepewa mzigo usio wake. Kila alipoona hivyo Genzo alisaga meno, yale ya glasi.

Maua ya ofisi yalifika. Makubwa kuliko mlango. Akaamuru yaachwe nje kwenye upepo.

Msichana wa mazishi akamsogelea. "Babu, muda unakaribia. Gari la tanuri limefika."

"Litangoja."

"Haliwezi kungoja sana, babu. Tanuri lina zamu."

Genzo akanyanyua macho. Pazia lilikuwa limefungwa kando, na kwenye kioo kikubwa cha saluni aliona foleni yote mpaka nje. Mwisho kabisa, nyuma ya binti mdogo mwenye mwavuli, alisimama mwanamume wa suti nyeusi na barakoa ya kitambaa, kama ile waliyovaa nusu ya watu wa mtaa kwa ajili ya vumbi. Upepo ulikuwa umezivuruga nywele chache za pembeni, na utosi uling'aa kama sahani. Orie alikuwa anamwonyesha kwa mwavuli mahali pa kusimama.

"Wewe tangu mwaka gani?" Genzo alimsikia akiuliza.

"Mimi... nimechelewa," yule mtu akasema.

"Basi nyuma."

Naye akakaa nyuma. Miaka yote wamemlilia, wamemwinulia mikono, sasa wamemweka mkiani.

Genzo akainuka. Akapita katikati ya foleni mpaka mlangoni.

"Umechelewa," akasema.

"Walinizuia, baba. Gari la ofisi lilikuwa limenifuata tangu asubuhi, nikaingia stesheni kwa mlango mwingine."

"Walikuzuia! Mtu wa miaka hamsini na zaidi! Jana walikuzuia? Juzi? Simu nayo waliifunga kamba?"

"Nilikuwa naogopa."

"Nini?"

"Kumwona."

"Kamwone sasa!" Genzo akapiga kelele. Mtawa akasita kusoma, akaendelea. "Kamwone wamemfanya nini! Wamemlaza nywele! Wewe uko Tokyo unachaguliwa mafundi na yeye amelazwa nywele kama msomaji wa taarifa ya habari! Nani alikupa kichwa wewe? Nani? Nitalitaja jina lako hapa hapa, mbele ya wote hawa, na sheria yenu waende wakaipikie supu!"

Foleni yote ilikuwa imegeuka. Orie alikuwa amefungua mdomo.

Yule mtu hakungoja jina litajwe. Alivua barakoa, akaitia mfukoni. Akapita mbele ya wote, uso mtupu, uso mchovu wa kawaida wa muuza tofu, akaingia chumbani, akapiga magoti. Akamtazama Tatsuyo. Akanyoosha mkono.

"Chanuo," akasema.

Genzo akampa. Akampa na kopo la dawa ya kupuliza, lile la mwisho kabatini.

"Babu, hapana," msichana wa mazishi akanong'ona. "Hiyo inawaka moto. Kule tanurini—"

"Si mnakwenda kumchoma?"

Msichana akasogea kando.

Shigeaki akashika fungu la kwanza la nywele za zambarau, akalivuta juu, akaweka mkia wa chanuo kwenye meno ili kugawa kwa vidole, kisha akalitoa kwa mzunguko mmoja wa kifundo cha mkono, akashusha kinyume, upesi, upesi. Mwendo ule hakuna aliyekuwa nao ila Tatsuyo. Safu ya mbele ilikuwa imeuona kupitia milango iliyoachwa wazi, miaka yote. Orie alikuwa karibu na pazia. Alitazama ule mkono. Akatazama utosi. Genzo aliona rangi ikimtoka chini ya poda.

"Geukeni," Orie akasema.

Hakupaza sauti. Wakageuka wote kwa pamoja, kwa mguu mmoja, kama walivyozoea. Lakini saluni ina vioo pande zote, na walipogeuka wakamkuta tena mbele yao, mara sita, amepiga magoti.

"Macho!" Orie akasema.

Wakafumba. Mabinti, wanawake wazima, mpaka wale wa nje ambao hawakujua sababu. Wakasimama upepo unawapiga, macho yamefumbwa, wanja unaanza kushuka mashavuni.

"Wamepatwa na nini hawa?" Yoshihei akauliza.

"Nyamaza, au fumba na wewe," Genzo akamwambia.

Kazi ilichukua muda. Dereva wa gari la tanuri alipiga honi mara moja, Genzo akamtuma Yoshihei akamtukane kidiwani. Shigeaki alifuta ule uwaridi wa midomoni kwa kidole gumba. Upande wa kushoto ulimlemea, akaubomoa, akaanza upya. Alipuliza dawa, chumba kikajaa ile harufu ya gari la zamani, madirisha wazi, theluji. Genzo alikaa ngumi mapajani. Alitaka kumpiga. Alitaka pia asimalize.

Akamaliza. Upande wa kushoto bado ulikuwa chini kidogo kuliko wa kulia, Tatsuyo angemtoa roho. Lakini alikuwa yeye. Amekunja uso hata sasa, amepanda juu, ana kimo chake.

Shigeaki hakuinuka. Chanuo lilikuwa mkononi, kamasi inamtiririka kama mtoto, na saa ya ukutani inakwenda, na Tokyo ni mbali, na huko watu maelfu wanangoja zimwi lisilo na mama.

"Baba," akasema, "siwezi. Leo siwezi."

Genzo hakuwa na faraja ya kumpa. Hasira haikuwa imemtoka, na hakuitaka imtoke. Alimpiga kofi la mgongoni, kwa nguvu, likalia chumba kizima, kama mkewe alivyompiga kila alipomaliza kile kichwa, stoo ya Takasaki, kumbi za Tokyo, kila mahali. Kisha akampa neno lile ambalo Tatsuyo alimwambia kila mara baada ya kofi, bila kuongeza wala kupunguza:

"Zimesimama. Toka mbele yangu, kaimbe."